Kilo nne za ufuta na meli ya Salale

Juni 2024 nilikuwa Kibiti. Nilikuwa nimekwenda kufuatilia yaliyobaki baada ya mafuriko ya Aprili, nihesabu mashamba ya mpunga yaliyozama, niulize nani kapata mbegu na nani kakosa. Habari ile niliiandika, ikatoka, ikasahaulika kama habari nyingine. Hii ninayoandika leo ilitokea pembeni yake, kwenye baraza la ghala moja la ufuta, na imenikaa kichwani kuliko ile iliyonipeleka.

Msimu wa ufuta ulikuwa umeshika moto. Wakulima wanaleta magunia, mizani ya umeme inasoma kilo na sehemu ya kumi ya kilo, katibu anaingiza kwenye simu. Katibu mwenyewe ni binti mdogo, kamaliza kidato cha sita, sitamtaja jina wala chama chake. Siku ile alikuwa amepima mara sitini na kitu, jumla kilo 3,218.4. Pembeni mzee mmoja wa kamati alikuwa na daftari na kikokotoo cha mfukoni, naye kapata kilo 3,218.4. Mpaka hapo kila kitu shwari. Lakini kwenye jedwali la simu kulikuwa na kisanduku cha mwisho kinachotoa hesabu moja kwenye nyingine, na kisanduku hicho, badala ya kuandika sifuri, kiliandika hivi: 4.547E-13.

Mwenyekiti akavaa miwani. Akasoma "nne nukta tano". Ile E-13 akadhani ni namba ya stoo.

"Mwanangu," akasema, taratibu kabisa, na taratibu ile ndiyo iliyotisha, "hizi kilo nne na nusu zimekwenda wapi?"

"Mzee, sijachukua kitu. Mizani ile pale, wote mlikuwepo."

"Simu yako mwenyewe ndiyo inasema."

Kwa bei ya msimu ule, kilo nne na nusu ni zaidi ya shilingi elfu kumi. Si fedha ya kumfunga mtu. Ila ukanda huu umeshaona vyama vikifa kwa wizi wa kidogo kidogo, na binti akishaitwa mwizi barazani mbele ya watu arobaini, hata ukimsafisha kesho kuna watakaokuwa wameshaondoka na ile habari ya leo. Nikasogea. Shikamoo mzee, naomba nione. Sekondari nilikuwa nimefundishwa kwamba E-13 maana yake ni kusogeza nukta hatua kumi na tatu kushoto. Nikawaandikia kwenye daftari: 0.0000000000004547. Chukua punje moja ya ufuta, uigawe vipande milioni sita na ushee. Kipande kimoja ndicho "kilichopotea".

Watu wakacheka, mwenyekiti naye akacheka kidogo. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa kama hakuna kilichopotea, kwa nini mashine isiseme hakuna?"

Nilirudi Dar es Salaam nikaanza kusoma. Nimesoma kwa miezi, tena mimi ni mtu wa habari, hesabu niliziaga zamani. Na jambo la ajabu ni kwamba kila nilipofuata historia ya hizi namba za kompyuta, ilinirudisha kwenye mikoko ile ile.

Mwaka 1914 Mhispania Leonardo Torres Quevedo alichapisha maandishi kuhusu mashine zinazojiendesha. Ndani yake alipendekeza namna ya mashine kuandika namba kubwa mno na ndogo mno kwa nafasi chache: weka tarakimu muhimu peke yake, kisha weka namba nyingine inayosema nukta ikae wapi. Nukta haina kiti cha kudumu. Inaelea. Ndiyo maana namba hizi zinaitwa za nukta inayoelea, na ndiyo E-13 ya mwenyekiti wetu.

Mwaka huo huo, mwezi Juni, meli ya kivita ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilitia nanga Dar es Salaam. Tarehe 20 Septemba iliizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja, kisha ikaingia kujificha katika delta ya Rufiji, upande wa Salale. Waingereza waliigundua mwisho wa Oktoba. Kuigundua ni jambo moja, kuipiga ni jingine. Meli zao kubwa zilikuwa na kina kirefu kuliko mito ile, na Königsberg ilikuwa imejificha ndani, nyuma ya mikoko. Aliyeko baharini hamwoni anayemlenga.

Walichofanya kilikuwa hesabu. Walileta kutoka Malta meli mbili bapa, Severn na Mersey, zilizojengwa awali kwa ajili ya mito ya Brazil. Walimtumia mwindaji aitwaye Pretorius, aliyeijua nchi, apenye kwenye vijito na kupima kina na maji kupwa na kujaa. (Vitabu vinamtaja Pretorius kila ukurasa. Wanaume wa Rufiji walioujua mto tangu utotoni, ambao bila wao mgeni asingefika popote na mtumbwi, havina majina yao. Naweka hilo hapa kwa sababu hesabu nazo zina wapimaji wasioandikwa.) Tarehe 6 Julai 1915 Severn na Mersey ziliingia kwa mlango wa Kikunja, zikalenga kitu zisichokiona, zikirusha mizinga kwa kufuata ramani na pembe. Zilifyatua zaidi ya mara mia sita. Zilipata shabaha chache tu, Mersey ikapigwa, wakarudi baharini.

Tatizo lao nalielewa vizuri zaidi tangu yale ya ghala. Ramani ina kosa dogo. Pembe ya mzinga ina kosa dogo. Meli inasogezwa kidogo na maji. Hakuna hata moja kati ya haya linaloweza kukukosesha peke yake, lakini yote yanafika pamoja mahali risasi inapoangukia. Dawa ilikuwa ndege. Tarehe 11 Julai rubani Cull na mwenzake Arnold walikaa juu ya delta wakituma kwa redio: imepita, imepungua, kushoto, kulia. Wapigaji wakarekebisha hatua kwa hatua mpaka wakapata shabaha. Ndege ile ilipigwa ikawa inashuka, na Arnold akaendelea kutuma masahihisho wakati wanaanguka kuelekea mtoni. Wote wawili waliokolewa. Königsberg iliwaka, na mabaharia wake wakaimalizia wenyewe. Mizinga yake kumi ilitolewa majini ikapigana nchi kavu. Mmojawapo uko Mombasa, Fort Jesus, na watoto wa shule hupiga nao picha.

Kwa miongo iliyofuata majeshi yalitaka majedwali ya mizinga yenye usahihi zaidi: kwa kila pembe, kila upepo, risasi itaanguka wapi. Jeshi la Marekani liligharamia mashine ya ENIAC, iliyoonyeshwa hadharani Philadelphia Februari 1946, kwa ajili ya majedwali hayo hasa. Hivyo kompyuta kwa sehemu kubwa ni mtoto wa swali lililoulizwa pale Kikunja. Huko Berlin, Konrad Zuse alikuwa ameshawasha Z3 mwaka 1941, mashine iliyotumia nukta inayoelea. Lakini John von Neumann na wenzake, mwaka 1946, walishauri nukta hiyo isijengwe ndani ya mashine. Waliona mwanahesabu makini anapaswa kujua mwenyewe nukta yake iko wapi, asiiachie mashine. Walishindwa hoja. Urahisi ulishinda, kama kawaida.

Sasa turudi kwenye swali la mzee, maana hapa ndipo nilipokwama muda mrefu, hadi bibi yangu mzaa mama akanikwamua bila kujua. Bibi alikuwa akipima nafaka kwa kibaba. Vibaba viwili kisaga. Visaga viwili pishi. Ukishuka, nusu kibaba, robo kibaba. Duka la pwani la zamani lilihesabu kwa kukata mara mbili mara mbili: nusu, robo, thumuni. Kompyuta ni muuza duka wa aina hiyo. Haina kipimo cha sehemu ya kumi. Ina nusu, robo, thumuni, nusu ya thumuni, na kuendelea kushuka.

Basi mwambie muuza duka huyo akupimie sehemu moja ya kumi ya kibaba. Atatoa moja ya kumi na sita, aongeze moja ya thelathini na mbili. Bado kidogo. Aongeze moja ya 256 na moja ya 512. Bado kidogo. Moja ya 4,096, moja ya 8,192. Bado. Hatamaliza hata ukimwachia duka mpaka Kiyama, kama wewe usivyoweza kumaliza kuandika theluthi kwa tarakimu: 0.333 na kuendelea. Mashine ina nafasi 53 za tarakimu zake, zikijaa inakata na kukaribisha. Hivyo 0.1 unayoiona kwenye simu si 0.1. Ni jirani yake wa karibu mno. Ukijumlisha moja ya kumi na mbili za kumi, mashine inapata 0.30000000000000004.

Kikokotoo cha mzee wa kamati, kwa upande mwingine, huhesabu kwa makumi kama sisi. Ilikuwa mizani moja, hesabu mbili, kila moja na lugha yake. Na ile 4.547E-13 nayo haikuwa namba ya bahati nasibu. Kwa namba zilizo kati ya 2,048 na 4,096, pengo kati ya namba moja ambayo kompyuta inaweza kuiandika na jirani yake ni mbili kipeo cha hasi arobaini na moja, ambayo ni hiyo hiyo 4.547E-13. Jumla ya binti ilikuwa 3,218.4. Alikuwa amekosea kwa hatua moja, ndogo kabisa ambayo mashine ile inaijua katika ukubwa huo. Siku nilipoigundua hiyo nilisimama nikazunguka chumba.

Wasomi walipigana sana juu ya hatua hiyo moja. Miaka ya 1960 na 1970 kila kampuni ilikata na kukaribisha kwa mtindo wake. Kulikuwa na mashine ambazo namba isiyo sifuri ilikuwa ikigeuka sifuri ukiizidisha kwa moja, na waandika programu walijifunza uganga wa kuizuia. Programu iliyohama mashine ilihama majibu. Mtu aliyechukia hali hii kuliko wote alikuwa William Kahan, Mkanada aliyefundisha Berkeley. Aliishauri Intel ilipotengeneza kichakato cha hesabu cha 8087, kilichotoka 1980, na aliongoza hoja zilizozaa kanuni ya IEEE 754 mwaka 1985. Kanuni ile inasema kila jumla, kila kuzidisha, jibu liwe lile la kweli lililokaribishwa mara moja tu, na mashine zote zikubaliane. Alipewa Tuzo ya Turing 1989.

Huku kwetu wakati huo tulikuwa na kisa kingine. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, ICT 1500, iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Vita vya Kahan vilipita tukiwa nje ya uwanja. Tulikuja kupokea matokeo yake yakiwa yamefungwa ndani ya simu.

Ungedhani kanuni ikishaandikwa mambo yameisha. Hapana, maana kati ya mwandika programu na kichakato yupo mtu wa tatu, kompaila. Huyu ni mkalimani: unamwandikia hesabu kwa lugha ya kibinadamu kidogo, yeye anaigeuza kuwa amri za mashine. Na kama wakalimani wengi, ana haraka. 8087 na wajukuu wake walihesabu ndani kwa biti 80, lakini kumbukumbu ya nje ikawa inahifadhi biti 64. Kompaila ndiyo iliyoamua namba ipi ibaki ndani na ipi itolewe nje. Hivyo ungeweza kuhesabu kitu kile kile mara mbili, ukalinganisha, ukaambiwa si sawa: moja ilibaki ndani na tarakimu zake zote, nyingine ilitoka ikakatwa. Ukiongeza mstari wa kuchapisha namba ili uone kosa liko wapi, namba inatolewa nje, kosa linatoweka. Kompaila ya GCC ina lalamiko mashuhuri kuhusu jambo hili, namba 323, la mwaka 2000, na watu waliendelea kulileta upya kwa miaka, kila mmoja akiamini kagundua yeye.

Kuna na lile la kupanga upya. Shuleni tulifundishwa kwamba ukijumlisha tatu, haidhuru uanze na zipi. Kwenye nukta inayoelea inadhuru. Chukua milioni mia mara milioni mia, yaani 1 na sifuri kumi na sita, ongeza moja: jibu halibadiliki, ile moja imemezwa kama punje kwenye gunia. Ongeza moja nyingine, imemezwa tena. Lakini ukijumlisha zile moja mbili kwanza, zikawa mbili, ndipo ukaziongeza, zinaonekana. Ukiiruhusu kompaila iharakishe bila masharti, inajipa haki ya kuamua ianze na zipi. Haikuombi ruhusa mara ya pili.

Mafunzo yapo. Makala ya David Goldberg katika jarida la ACM Computing Surveys, Machi 1991, ndiyo kila mtu hukutupia ukiuliza, na kwa maoni yangu si pa kuanzia. Inakurushia nadharia kabla hujapata sababu ya kuzijali. Nilielewa zaidi nilipoisoma mara ya pili, baada ya mihadhara ya Kahan, ambaye anaandika kwa hasira na anatoa visa. Mwaka 1998 yeye na Joseph Darcy waliishambulia lugha ya Java kwa namna ilivyozishughulikia namba hizi. Ukitaka kwenda ndani kabisa kuna kitabu cha Jean-Michel Muller na wenzake, kizito kama tofali. Lakini ukiniuliza mimi, anza na mafuriko ya magunia yako mwenyewe: jedwali lako, jumla yako, na kisanduku kinachokataa kuwa sifuri.

Goldberg alichapisha Machi. Wiki chache tu kabla, tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot wa Marekani ulishindwa kuzuia kombora la Iraki, na askari 28 wakafa bwenini. Mtambo ule ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, ukaigeuza kwa kuzidisha kwa 0.1, na 0.1 ilikuwa imekatwa ili ienee nafasi 24. Haikuwa nukta inayoelea kwa jina, lakini ni ile ile kibaba isiyokatika kwa kumi. Ulikuwa umewaka saa mia moja mfululizo. Saa mia ni sehemu za kumi milioni tatu na laki sita, na kosa la kila moja lilijikusanya likawa theluthi ya sekunde. Kombora kama lile hukata zaidi ya nusu kilomita katika muda huo.

Kinachouma zaidi ni kwamba programu ile ilikuwa imeshatiwa kiraka. Sehemu fulani zilikuwa zimepewa 0.1 iliyo sahihi zaidi, nyingine zimeachwa na ile ya zamani. Kama zote zingekuwa na kosa moja, katika kutoa muda mmoja kwenye mwingine kosa lingefutika karibu lote. Kiraka cha nusu ndicho kilichozifanya zitofautiane. Cull na Arnold hawakuwepo juu kupiga redio kwamba imepita kushoto.

Niliwaza hayo mwaka jana nikiwa Nyamisati, nasubiri boti ya Mafia. Kila mtu pale ana maoni kuhusu maji: yatakuja lini, mvua gani, bwawa la Julius Nyerere litafungulia kiasi gani. Utabiri wa hali ya hewa nao ni mabilioni ya hesabu za nukta inayoelea. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa huko Marekani, alirudia hesabu yake ya kompyuta akaanzia katikati, akaandika 0.506 badala ya 0.506127 iliyokuwa ndani ya mashine. Baada ya muda hali ya hewa ya kwenye karatasi ikawa nyingine kabisa. Mzee aliyekaa na mimi kwenye benchi alisikiliza kisa hicho hadi mwisho, akasema yeye huangalia siafu.

Kwa binti wa ufuta, suluhisho lilikuwa la dakika moja. Alikaribisha tofauti kwenye sehemu moja ya kumi kabla ya kuilinganisha, kisanduku kikasema 0, kamati ikaandika kwenye muhtasari "tofauti: hakuna". Mwenyekiti hakuomba radhi barazani. Alimnunulia soda, na huko kwetu hiyo inasomeka. Lakini binti mwenyewe hakuridhika na kufunika. Kila msimu ukianza ananitumia ujumbe, na wa mwisho ulikuwa huu: "Kaka, siku hizi naandika gramu. Namba nzima, hakuna nukta. Mzee anasema ni ndefu mno, zinamchosha macho, nimrudishie kilo."